Malkia Asiyekula Sukari

Jumanne, 4 Machi

Bosi alikuwa ameshainua kiatu! Nikapiga ukelele mpaka mteja aliyekuwa akisoma herufi ukutani akanyamaza. Bosi akaniangalia kama nimerukwa na akili. Eti ni mdudu tu. Ndiyo, ni mdudu. Kwani nilisema ni mjomba wangu?

Ni malkia. Malkia wa sisimizi — si hawa vijidudu wa kwenye sukari, ni wale weusi wakubwa, wazito, wanaotembea mmoja mmoja bila haraka. Mabawa ameshayaacha. Makovu yake nimeyaona kwa lenzi ya kukuzia. Alikuwa nyuma ya karakana yetu ya miwani, pale maji ya mvua yanapotuama, anaburuta nusu ya jongoo. Nusu nzima! Nimemnyanyua kwa kibano changu cha skrubu, jongoo nikamwacha palepale na takataka zake.

Miaka kumi na minne ya kukata na kufunga lenzi imenifunza jambo moja: usiguse kwa kidole. Kidole kina mafuta, kidole kinaacha alama. Mume wangu anasema ipo siku nitamshika na yeye kwa kibano.

Nimemweka kwenye chupa nyembamba ya kioo — maji mwisho mmoja, yamezuiwa na pamba, na pamba nyingine mlangoni. Nikaileta nyumbani. Mama mkwe akaiangalia kwa mbali, mkono kiunoni. Akauliza, na huyo mheshimiwa atalala chumba gani? Akasema wodini kwake hakuna mdudu aliyewahi kulala mara mbili. Miaka thelathini alikuwa mhudumu wa wodi, na nyumba yangu sasa ni wodi. Inanuka dawa ya sakafu tangu Januari. Alikuja kwa wiki moja kupimwa macho. Wiki moja!

Haya. Jina limepatikana. Mheshimiwa.

Alhamisi, 6 Machi

Hali kitu. Nimempa asali, akaikanyaga akapita. Maji ya sukari — hakuyanusa. Kiini cha yai, nzi, kipande cha mende. Wapi!

Kuna kundi kwenye simu la watu wanaofuga wadudu. Humo yumo bwana mmoja anajiita Mtaalamu. Nimemweleza vizuri, na picha nikatuma. Jibu lake: mpe sukari, sisimizi wote wanakula sukari. Nikamwambia huyu hataki. Akasema basi huenda namwangalia sana. NAMWANGALIA SANA! Mimi ninayeona mkwaruzo wa lenzi ambao mashine haiuoni. Nikamuuliza ameshawahi kufuga aina hii. Akanitumia alama ya dole gumba.

Tumbo lake limenywea. Amebakiza siku ngapi hivi?

Jumamosi, 8 Machi

Mjinga ni mimi! Alikuwa na jongoo mdomoni. MDOMONI. Nikamnyang'anya chakula chake, nikamletea asali, kisha nikakaa nashangaa mbona hali.

Leo nimerudi nyuma ya karakana na tochi. Chini ya matofali mabichi nimepata jongoo wadogo wanne, wembamba kama uzi wa viatu. Nimewabeba kwa kibano kwenye kikopo cha lenzi. Nikamtilia mmoja. Kwanza hakumgusa. Halafu ghafla — kamkamata nyuma ya kichwa! Jongoo akajikunja, malkia akajikunja naye, akamchoma. Dakika tatu. Akaanza kumfungua pingili kwa pingili, kama mtu anayemenya mbaazi.

Nimempelekea Mtaalamu video. Amejibu: "Bahati." Bahati yake niko mbali.

Mama mkwe alikuwa amesimama nyuma yangu muda wote huo, sikumsikia. Alisema tu, kumbe ana meno. Kisha akaenda kupiga deki.

Jumatatu, 17 Machi

Mayai! Saba. Nimehesabu mara nne. Yamekaa pamoja kwenye rundo dogo, anayalamba.

Mume wangu akasema hongera bila kuondoa macho kwenye mpira. Mama mkwe akasema hongera gani, saba leo, kesho elfu saba, mtahama nyie. Akasema Bibi Harusi ana mambo. Miaka tisa nimeolewa, bado ananiita Bibi Harusi!

Na ile miwani ya Mama. Nimemsagia mwenyewe, lenzi zote mbili, nimebaki kazini jioni mbili kwa ajili yake. Fremu nyepesi kuliko zote dukani. Haivai. Eti inamzeesha. Ana miaka sabini na moja, jamani, imzeeshe mpaka wapi? Imelala kwenye rafu ya korido, karibu na chupa ya Mheshimiwa, inapata vumbi.

Jumatano, 26 Machi

Nimerudi kutoka safari ya kazi. Siku sita tumepima macho ya wanafunzi, shule kwa shule. Niliacha jongoo wawili kwenye kikopo, na karatasi ya maelekezo. Nimeandika kwa herufi kubwa, hata kipofu angesoma: MMOJA KILA SIKU YA TATU. KWA KIBANO. RUDISHA PAMBA.

Nauliza mume wangu, vipi Mheshimiwa? Akashika kichwa. "Yaani nimesahau kabisa!" Kabisa! Si kwamba alichelewa, si kwamba aliruka siku moja. Nimeolewa na mtu anayekumbuka kikosi cha timu ya mwaka aliozaliwa.

Nikaenda kwenye rafu. Mzima! Tena amenenepa. Mayai yako kumi na moja. Maganda ya jongoo yamesukumwa kwenye pamba, nimeyahesabu, ni ya jongoo watano. Huenda ni ya zamani, huenda alijiwekea akiba, sijui na sitaki kujua. Malkia ni malkia, amejikaza mwenyewe, bila msaada wa mtu yeyote katika nyumba hii. Ningekuwa na akili ya huyu mdudu ningekuwa mbali.

Sijasema na mume wangu tangu chakula cha mchana.

Jumatatu, 14 Aprili

Yameanguliwa! Mabuu kumi na moja, weupe, wana shingo. Mheshimiwa anawawekea vipande vya jongoo juu ya matumbo yao na wanakula wenyewe. Nimetazama saa nzima, chai ikapoa. Wakishakuwa wakubwa watamsaidia kuwinda, na hapo ndipo atakuwa salama. Malkia peke yake ni maskini. Akiwa na watoto kumi na moja ana nyumba. Natakiwa niwafikishe hapo tu, kabla mvua haijakata na jongoo hawajaingia ardhini.

Sasa jambo jingine. Vidole vya mama mkwe. Ncha za vidole, mkono wa kulia, ni kahawia, zinaelekea zambarau, kama ameshika iodini. Nimeziona akinipa sahani. Nikauliza, Mama umeumia? Akasema hapana, akauficha mkono chini ya meza. Akauficha!

Wiki iliyopita nilimwona akitoka dukani na kimfuko. Dawa ya mende, alisema, ya huko chini ya sinki. Sisemi kitu. Naandika tu.

Jumanne, 22 Aprili

Nimechukua miwani ya Mama pale rafuni niifute vumbi. Haina vumbi. Ina alama ya kidole kwenye lenzi ya kulia, ya kahawia, haitoki hata kwa maji yetu ya kusafishia. Kwa hiyo anaivaa! Mbele yangu haivai, lakini nikiwa kazini anaivaa, tena palepale, kwenye rafu ya Mheshimiwa, na vidole vyake hivyo. Anatafuta nini pale? Yaani nimsagie miwani ili aone vizuri pa kuweka sumu?

Nimemwambia mume wangu. Akasema mwache mama. Kila kitu ni mwache mama. Mwache mama apange upya makabati, mwache mama atupe viungo vyangu vilivyopitwa na tarehe, mwache mama!

Jumamosi, 3 Mei

Mvua imekata. Chini ya matofali pakavu kabisa. Wiki nzima nimepata jongoo wawili tu, na mabuu sasa wanakula si mchezo.

Juu ya hayo, Mama leo kalalamika. Kuna harufu koridoni, kali, kama ya dawa ya hospitali, na eti ile chupa ingewekwa dirishani ipate hewa. Ipate hewa! Iwe dirishani, ianguke, yaishe. Nimemwelewa vizuri sana.

Lakini Mungu hamtupi mja wake. Jioni, kwenye mtaro wa nyuma ya karakana, nimepata JONGOO. Si wale nyuzi. Huyu ni mnene kama kidole changu cha shahada, mweusi, anang'aa. Chakula cha wiki mbili! Nimembeba kwa kibano kikubwa, anajikunja na kujikunjua, nikamtia mzima mzima. Akawa anaisukuma pamba kutoka ndani. Nikatoa pamba, nikaweka kizibo cha raba, nikakaza. Nikamwambia Mama: haya, harufu imekwisha, hata hewa haitoki.

Akafungua mdomo aseme kitu. Akaufunga. Vizuri.

Jumapili, 4 Mei

Wamekufa.

Wote kumi na moja. Walikuwa weupe, leo ni wa rangi ya chai. Jongoo amekufa. Mheshimiwa amelala ubavu, mguu mmoja unacheza. Nilipotoa kizibo harufu ilinipiga mpaka machozi — dawa! Dawa tupu! Nimemhamishia chupa nyingine, hewa nyingi, pamba tu mlangoni.

Halafu nikaenda mezani. Walikuwa wameshapakua. Nikasimama. Nikasema: Mama, weka mikono yako juu ya meza.

Mume wangu akasema, unasemaje? Nikarudia. Weka mikono mezani, tuione. Kama mwalimu wa zamu na mtoto aliyekuja na kucha chafu! Najua. Nilijua hata wakati nasema. Maneno yalikuwa yamekaa kooni tangu Januari, yakatoka yote, la dawa, la vidole, la miwani, la makabati. Nikasema mtu mzima anayeua watoto wa mdudu kwa siri ana roho gani.

Aliweka. Mikono yote miwili, polepole, kwenye kitambaa cha meza. Vidole vya kahawia. Akaiacha pale mpaka nilipomaliza. Kisha akasimama, akachukua kitambaa, akafuta meza iliyokuwa safi.

Mume wangu amenipandishia sauti. Mara ya kwanza tangu tuoane. Aniambie basi vile vidole ni vya nini! Hajui.

Jumatatu, 5 Mei

Mama amempigia shemeji, yule mdogo wa mume wangu. Atakuja kumchukua Jumamosi. Huko kwa shemeji watu wanatoka alfajiri wanarudi wamechoka, nyumba nzima ni yake na televisheni. Si kosa langu. Nani alimwambia amguse Mheshimiwa?

Asubuhi nimekuta kikombe changu kimefunikwa kwa kisosi, chai moto. Anafanya hivyo ili nijisikie vibaya. Nimeinywa kwa hasira.

Mheshimiwa anasimama. Anayumba.

Jumatano, 7 Mei

Hajala. Tumbo limenywea kama siku ile ya kwanza. Jongoo hakuna, nimefukua mtaro wote na mashine nimeiacha inasubiri. Bosi anauliza siku hizi nimeajiriwa na manispaa?

Nyumbani hakuna anayemsemesha mwenzake. Mume wangu ananiomba chumvi kupitia hewani: "Chumvi ingekuwa huku ingefaa." Mama anakunja nguo zake kidogo kidogo, moja leo, mbili kesho, kwenye begi lililo wazi.

Ijumaa, 9 Mei

Nataka kuandika hili haraka kabla sijaanza kujitetea.

Leo saa nne, chini ya bomba la kiyoyozi, pale panapodondoka maji, jongoo! Mdogo, mmoja. Kibano nilikuwa nimekiacha mezani. Anaingia ufa wa ukuta, anapotea. Nikamshika kwa mkono. Kwa vidole. Akajikunja, na kwa kumbana nikamkata vipande viwili. Kikatoka kimaji cha njano. Nikanusa.

Harufu ileile! Ile "dawa". Ileile kabisa iliyonitoa machozi Jumapili, imetoka kwa jongoo mdogo kiasi hicho. Na mimi niliweka mnene kama kidole, mzima, akiwa na hofu, nikakaza raba. Hata hewa haitoki, nilisema. Nikajisifu!

Nikanawa. Nikarudi kwenye mashine. Saa sita Bosi anafoka, nani kashika lenzi ya mteja? Alama ya kidole, kahawia, haitoki. Nikaangalia mkono wangu. Kidole gumba na cha shahada. Kahawia, vinaelekea zambarau.

Nimekaa chooni dakika ishirini.

Miaka kumi na minne sijagusa kitu kwa vidole. Miezi miwili nimelisha jongoo, wala sikujua kwamba wanatia rangi. Asiyetumia kibano katika nyumba ile ni mtu mmoja tu. Maganda ya jongoo watano, na niliacha wawili, na mume wangu alisahau kabisa. Mtu wa miaka sabini na moja, magoti yale, ameinama kwenye mitaro ya mtaa wetu kutafuta jongoo watatu zaidi. Kisha amevaa miwani, akawakata, akamlisha malkia kwa vidole, akarudisha pamba. Pengine amekuwa akifanya hivyo kila siku nikiwa kazini.

Sasa kwa nini hakusema? Kwa nini! Ningejuaje? Mtu anaamriwa kuweka mikono mezani kama mwizi na bado hasemi "nilikuwa namlisha"? Angesema neno moja tu! Sentensi moja! Hasira niliyonayo sijui niipeleke wapi. Jumapili nilijua kwa kuipeleka.

Kile kipande nimempa Mheshimiwa. Amekigusa kwa papasi zake za kichwani. Hakula.

Jumamosi, 10 Mei

Nimejaribu sabuni, chumvi, mafuta ya taa. Haitoki.

Shemeji amefika saa tatu na nusu, hakuzima hata gari. Mume wangu ametoa begi. Mama amekaa sebuleni, mkoba mapajani, na — amevaa miwani. Mbele yangu. Mara ya kwanza.

Nikakaa upande wa pili wa meza. Nilikuwa nimepanga maneno tangu alfajiri, yalikuwa mazuri. Hayakuja hata moja. Nikaweka mikono yangu juu ya meza. Yote miwili.

Akaviangalia vidole. Akasema limao halisaidii, usijisumbue, hiyo huondoka yenyewe, wiki mbili tatu.

Nikasema, Mama.

Akasema kuna kopo nyuma ya jiko, la majarini, limetobolewa mfuniko. Nisiwamwagie maji mengi. Na nisimpe jongoo akiwa mzima, nimvunje kwanza, nimwache upepo umpige, ile harufu itoke, ndipo nimpe. Alikuwa ananiambia kama anavyokabidhi zamu. Kitanda cha tatu hivi, kitanda cha tano hivi.

Nikauliza mbona hukusema. Akasema siku ile alitaka kusema, ya kizibo. "Lakini Bibi Harusi ulishakaza."

Honi.

Nimeenda nyuma ya jiko. Kopo lipo. Udongo mbichi, majani yaliyooza, na wadogo wamejaa, ishirini, thelathini, wembamba kama uzi. Ameanza lini? Nimemvunja mmoja kwa vidole, nikampungia hewa kwa kifuniko cha sufuria mpaka mkono ukachoka, nikampelekea Mheshimiwa. Amekishika kipande. Hajala. Lakini amekishika, hakiachii.

Niliporudi sebuleni Mama alikuwa ameshasimama. Nikasema, Mama, miwani yako imelegea hapo sikioni, nipe niikaze skrubu, dakika moja. Kweli imelegea, naona kutoka mbali, ni kazi yangu. Akanitazama. Akaivua, akanipa. Akakaa. Akasema bila miwani haoni hata ngazi.

Niko chumbani. Miwani iko mbele yangu, na ile alama ya kidole kwenye lenzi ya kulia. Shemeji amepiga honi tena, mara tatu, hana adabu. Mume wangu anagonga, anauliza skrubu gani hiyo inachukua nusu saa. Kutoka sebuleni Mama anamwambia amwache mtu afanye kazi yake.

Skrubu nilishaikaza zamani. Nailegeza tena.